Stenlesi ya kutengenezea visu kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofika karakanani kuuliza habari za stenlesi huanza na swali moja: chuma gani ndicho bora? Nami huwauliza: una moto gani? Jibu lao ndilo linaloamua jibu langu, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa chini inarudi hapo hapo. Nimeandika kwa ajili ya fundi anayetengeneza visu kimoja kimoja kwa mkono wake, hasa aliye karibu na bahari, ambako kisu cha chuma cha kawaida kikilala na unyevu usiku mmoja, asubuhi kina kutu.

Stenlesi ni nini hasa?

Ni chuma kilichotiwa kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 ya uzito wake. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya ngozi juu ya chuma, nyembamba kiasi kwamba jicho haliioni, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza hujirudi yenyewe, maadamu hewa inaifikia. Wako wanaoiita chuma cha pua, lakini kwa wahunzi wa zamani pua ni chuma chochote kinachokubali ugumu na makali, hata kile kinachoshika kutu. Ndiyo maana hapa nasema stenlesi, kama tunavyosema dukani.

Kisu cha stenlesi chimbuko lake ni Sheffield, Uingereza. Mwaka 1913 Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi, aliyeyusha mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Akaona haushiki kutu kirahisi, akawaza visu vya mezani. Mafundi wa kwanza kuujaribu walishindwa kuumudu, kwa sababu ulitaka joto tofauti na vyuma walivyovizoea. Zaidi ya miaka 100 imepita, na visu vingi vya stenlesi vinavyoletwa kwangu kwa kulaumiwa vina kasoro hiyo hiyo ya joto.

Nina bati zuri la sinki, linang'aa na halishiki kutu. Siwezi kulikata nikapata kisu?

Utapata umbo la kisu. Bati la sinki, sufuria nyingi na vijiko vilivyopigwa muhuri wa 18/8 au 18/10 ni stenlesi ya jamii ya 304: kromiamu kama asilimia 18, nikeli 8 na kuendelea, na kaboni chini ya asilimia 0.08. Kwa kaboni ndogo hivyo, na kwa jinsi nikeli inavyobadili umbile la ndani ya chuma, huwezi kuitia ugumu kwa moto. Ichome hadi iwe nyekundu, izamishe kwenye maji, itatoka laini vile vile. Makali yake yatakata nyanya mbili tatu kisha yatalala. Stenlesi 316, inayosifiwa kwa vifaa vya boti, nayo ni hivyo hivyo. Zitumie kwa pini za mpini. Huko zinafaa sana.

Kwa nini nisibaki na springi ya gari niliyoizoea?

Baki nayo, kama unatengeneza panga au kisu cha shamba. Springi ya gari ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, inakubali ugumu kwenye jiko la mkaa lenye mivukuto, inazamishwa kwenye oili, na haimegeki ovyo. Ni chuma cha kuheshimiwa, na mafundi wa jua kali wamelisha familia zao kwa chuma hicho. Lakini mpe mama lishe kisu hicho akatie ndimu, embe mbichi na vitunguu siku nzima: kitageuka cheusi, na ladha ya chuma itaingia kwenye kachumbari. Mvuvi akikiacha kwenye ngalawa kina damu ya samaki na maji ya chumvi, kitaliwa. Hapo ndipo stenlesi inapostahili gharama na usumbufu wake.

Naona chuma kimoja kina kromiamu asilimia 13 na kingine 17. Cha 17 si ndicho bora?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake ni refu kidogo.

Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu. Kromiamu ndiyo inayokinga kutu. Taabu ni kwamba vitu hivi viwili huvutana: vikikutana vingi hushikamana na kuwa chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Chembe hizo zina faida, kwa kuwa ni ngumu kuliko chuma kinachozishikilia na hufanya makali yachelewe kulika. Lakini kromiamu iliyofungwa ndani ya chembe haizuii kutu tena. Inayozuia kutu ni ile iliyobaki huru ndani ya chuma chenyewe.

Chukua D2, chuma cha kutengenezea zana ambacho wauzaji wengi hukiita stenlesi. Kina kromiamu karibu asilimia 12, lakini kaboni yake ni asilimia 1.5, nayo hufunga karibu nusu ya kromiamu hiyo. Ndiyo maana kisu cha D2 hupata madoa ya kutu pwani. Sasa chukua stenlesi iitwayo AEB-L: kromiamu asilimia 13 tu, kaboni 0.67. Kwa kuwa kaboni ni kidogo, sehemu kubwa ya kromiamu hubaki huru, na chuma hiki huishinda D2 kwa mbali mbele ya kutu. Halafu tazama 440C: kromiamu asilimia 16 hadi 18, kaboni karibu 1. Ukikitia ugumu, kromiamu inayobaki huru huwa kama 12 hivi, yaani haiko mbali na AEB-L. Kile kilichozidi kimeishia kwenye chembe.

Na chembe za 440C ni kubwa. Fikiria uji uliokorogwa vibaya ukawa na madonge. Makali ya kisu kilichonolewa vizuri ni membamba sana. Donge likiwa kubwa kuliko makali, litang'oka na kuacha pengo. Chembe za AEB-L ni ndogo mno, ndiyo maana chuma hicho kilitengenezwa hapo mwanzo kwa ajili ya nyembe za kunyolea ndevu. Kwa hiyo usisome namba ya kromiamu peke yake. Isome pamoja na kaboni, kila mara.

Basi nianze na chuma gani?

AEB-L ya kiwanda cha Uddeholm, au mojawapo ya ndugu zake wawili wa Sandvik ya Sweden, kampuni ambayo tawi lake linalotengeneza vyuma hivi lilijitenga mwaka 2022 na sasa ni kampuni iitwayo Alleima: 12C27, yenye kaboni 0.6 na kromiamu 13.5, na 14C28N, yenye kaboni 0.62, kromiamu 14 na nitrojeni kidogo, asilimia 0.11. Nitrojeni huongeza ugumu kama kaboni lakini haili kromiamu kwa kiwango kile, na kwa sababu hiyo 14C28N ndiyo ninayowachagulia wavuvi na wauza samaki.

Vyote vitatu vina sifa zinazofanana. Havimegeki upesi hata makali yakiwa membamba, vinasagika bila kumaliza mikanda ya msasa, vinanoleka kwenye jiwe la kawaida, na vinasamehe makosa madogo ya moto. Makali yake hayakai kwa muda mrefu kama ya vyuma vya bei kubwa, hilo ni kweli. Lakini mchinjaji anayenoa kila asubuhi anataka kisu kinachorudisha makali kwa kupitishwa mara chache kwenye kinoo. Nikiwa na kipande kimoja tu cha kumpa kijana anayejifunza, nampa AEB-L ya unene wa milimita 2.

Na 440C, 154CM, VG-10?

Ni vyuma vizuri vikipikwa vizuri. 154CM, yenye asilimia 4 ya metali iitwayo molibdenamu, ilipata sifa Marekani miaka ya 1970 kupitia mikono ya fundi visu Bob Loveless, na bado inafaa kwa kisu cha kuwindia. VG-10 ni ya Japani, ina kobalti, na utaikuta kwenye visu vingi vya jikoni vya huko. 440C ni rahisi kuipata, ila hakikisha herufi ya mwisho: 440A ina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, 440B hadi 0.95, na 440C ndiyo inayofika 0.95 hadi 1.20. Neno "440" likiandikwa peke yake kwenye kisu halikuelezi lolote.

Kisu cha Kijerumani nilichonacho kimeandikwa X50CrMoV15. Maana yake nini?

Gawanya 50 kwa 100: kaboni asilimia 0.5. Namba 15 ni kromiamu asilimia 15. Cr, Mo na V ni kromiamu, molibdenamu na vanadiamu. Ni chuma laini kidogo, hukaa kwenye ugumu wa 55 hadi 57 kwa kipimo cha Rockwell C nitakachokieleza chini, kinachovumilia jiko lenye purukushani. Ukiweza kusoma jina hilo, unaweza kusoma X46Cr13 na mengine ya jamii hiyo bila kumuuliza muuzaji.

Vipi vyuma vya unga, kama S35VN na MagnaCut?

Hutengenezwa kwa kunyunyizia chuma kilichoyeyuka kiwe unga, kisha unga unashinikizwa kwa joto hadi uwe kitu kimoja. Kwa njia hiyo chembe hazipati nafasi ya kukua. MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas wa Marekani na kutoka mwaka 2021, inafurahisha akili: kromiamu yake ni asilimia 10.7 tu, lakini kaboni imeelekezwa kwa metali nyingine mbili, vanadiamu na naiobiamu, hivyo kromiamu karibu yote inabaki huru. Inashinda kutu kuliko vyuma vingi vyenye kromiamu asilimia 14. Huo ndio ushahidi bora ninaoujua wa yale niliyoeleza juu kuhusu kaboni na kromiamu.

Usikinunue mpaka uwe na tanuri la umeme lenye kipimo sahihi. Chuma cha bei hiyo kikipikwa vibaya hushindwa na springi iliyopikwa vizuri.

Naweza kutia ugumu stenlesi kwenye jiko la mkaa?

Najua unataka nikujibu ndiyo. Kwa moyo mweupe: hapana, si kwa kisu unachotaka kumuuzia mtu.

Chuma cha kaboni unakiangalia rangi, unakigusisha sumaku, na sumaku ikiacha kushika, karibu nyuzi 770, unajua umekaribia. Unaongeza kidogo, unazamisha. Stenlesi haikupi dalili hiyo mahali unapoihitaji. Inataka nyuzi 1,040 hadi 1,080 za sentigredi, na inataka kukaa hapo dakika 10 hadi 15 ili chembe ziyeyuke kiasi cha kutosha kuachia kaboni na kromiamu. Mkaa wenye upepo mzuri unafika huko na kupita; kukaa ndiko kusikowezekana. Joto likipungua nyuzi 60, kisu kinatoka laini na kinashika kutu. Likizidi, sehemu ya chuma inakataa kubadilika ikipoa, na hapo pia unapata ulaini. Jicho la mhunzi hodari halitofautishi 1,060 na 1,110 mchana wenye jua, na huko ndiko kisu kinakoharibikia.

Nilipoteza visu sita namna hiyo. Vilionekana vizuri, vilipokea makali, na baada ya wiki moja jikoni vyote vilirudi vimelala. Ndipo nilipotafuta karakana yenye tanuri la umeme na kulipia kwa kila mzigo. Fanya hivyo nawe: kata visu kumi, visage nusu, vipeleke vyote siku moja. Chuo cha ufundi au karakana ya kutengeneza vipuri vya mashine ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Nimepata tanuri. Hatua ni zipi?

Nitaeleza kwa AEB-L. Vyuma vingine vina karatasi zao za maelekezo kutoka kiwandani, zifuate.

Funga kisu ndani ya karatasi nyembamba ya stenlesi iliyotengenezwa kwa kazi ya tanuri, ukikunja kingo mara mbili ili hewa isiingie. Hewa kwenye joto hilo hula kaboni ya juu na kuacha magamba. Usithubutu kutumia karatasi ya alumini ya jikoni: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kisha ingiza kisu, subiri tanuri lifike 1,065, hesabu dakika 15.

Toa na ubane kisu, kikiwa bado ndani ya karatasi yake, kati ya vibao viwili vinene vya alumini. Stenlesi hii haihitaji oili wala maji. Alumini hunyonya joto haraka vya kutosha, na zaidi ya hapo hukizuia kisu chembamba kisipinde. Kikishapoa kiasi cha kushikika, kiingize kwenye baridi kali. Barafu kavu iliyo kwenye spiriti hufika zaidi ya nyuzi 70 chini ya sifuri na hukamilisha mabadiliko yaliyobaki ndani ya chuma; friza ya nyumbani husaidia kidogo tu. Fanya hivyo nje ya nyumba, ukiwa na glavu, mbali na moto.

Mwisho, kirudishe kwenye joto dogo, nyuzi 175 hadi 200, saa 2, kipoe, kisha saa 2 tena. Usiruke hatua hii hata kama mteja amesimama mlangoni: kisu ambacho hakijarudishwa kwenye joto dogo kinaweza kupasuka kikianguka sakafuni. Wala usikirudishe kwenye nyuzi 430 hadi 600 kwa kudhani utakiongezea uimara. Kwenye joto hilo kaboni hukamata tena kromiamu, na stenlesi yako inaanza kushika kutu.

Nitajuaje kama ugumu umefika?

Ugumu wa visu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C: ncha ya almasi inagandamizwa juu ya chuma na kina cha alama kinasomwa. AEB-L iliyopikwa nilivyoeleza hufika 60 hadi 62. Kisu cha jikoni kinafaa kuwa 59 hadi 61. Cha kuchinjia na kutenganisha mifupa, 57 hadi 59. Kama huna mashine, chukua tupa mpya na ujaribu sehemu inayoingia ndani ya mpini. Ikiteleza kama juu ya kioo, uko karibu. Ikiuma na kutoa vumbi la chuma, rudi kwenye tanuri.

Ninunue unene gani?

Kisu cha kupasulia samaki, milimita 1.5. Cha jikoni, 2 hadi 2.5. Cha kuchinjia, 3. Mafundi wengi hununua chuma kinene mno kwa kuamini kwamba unene ni nguvu, kisha kisu kinapasua muhogo kama kabari badala ya kuukata.

Nina chuma cha skrepa, nadhani ni stenlesi. Nikijaribu?

Gusisha sumaku. Isiposhika kabisa, ni jamii ya 304, weka pembeni. Ikishika, bado hujui: stenlesi ya mabomba ya moshi ya magari nayo hushika sumaku lakini haiwi ngumu. Kata kipande kidogo, kitie ugumu kama ungefanya kisu, kibane kwenye jiliwa na kukipiga nyundo. Kikipinda, hakifai. Kikivunjika na mahali pa kuvunjikia pakiwa laini, pa kijivu, pasiwe na punje kama sukari, una chuma kinachoweza kuwa kisu.

Hata hivyo sipendi kuuza kisu cha chuma nisichokijua jina. Niliwahi kuuziwa dukani vipande vilivyoandikwa 440C ambavyo havikufika ugumu kwa moto wowote niliovipa, na mwenye duka hakuwa na karatasi ya kiwanda. Tangu hapo siondoki na chuma bila karatasi hiyo.

Kisu changu cha stenlesi kimepata madoa ya kutu. Nimedanganywa?

Huenda hukudanganywa. Angalia kwanza mikono yako. Ulikisagia kwenye jiwe la greinda lililosaga chuma cha kawaida? Chembe za chuma hicho hujipachika juu ya stenlesi, na ndizo zinazoshika kutu. Brashi ya waya ya chuma hufanya vivyo hivyo. Tenga mawe, mikanda na brashi za stenlesi, usizichanganye.

Pili, uliacha mikwaruzo mikubwa? Maji ya chumvi hujificha ndani yake na kuchimba vishimo. Kwa kisu cha pwani, maliza kwa msasa wa namba 600 au zaidi. Tatu, uliondoa magamba yote ya tanuri? Chini ya magamba hayo kuna tabaka lililopungukiwa kromiamu, lisage litoke.

Kama yote hayo uliyafanya, basi muulize mteja. Kisu kilichoachwa usiku ndani ya beseni la maji ya samaki, au kilichooshwa kwa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kinaweza kupata vishimo hata kiwe cha stenlesi nzuri. Mwambie akioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akifute, akiweke pakavu.

Naweza kuifua kwa nyundo badala ya kuikata na kuisaga?

Inawezekana, lakini inachosha na hasara ni kubwa. Inapoa ikiwa ngumu hata hewani, na ukipiga chini ya nyuzi 900 hupasuka. Kwa visu vya mkono, kata bapa kutoka kwenye bati na usage.

Nisage makali kabla au baada ya kutia ugumu?

Kwa bati la milimita 2 na chini ya hapo, baada. Ukilisaga kabla, makali membamba hujikunja tanurini. Lakini baada ya ugumu una adui mwingine, joto la msasa. Saga kwa mikono mitupu, chovya kwenye maji kila unapohisi moto. Usingojee rangi ibadilike: stenlesi huchelewa kuonyesha rangi kuliko chuma cha kaboni, hivyo ukiona manjano joto limekwishapita zamani na makali hayo yamelainika. Na vaa barakoa ya vumbi iliyobana usoni. Vumbi la chuma hiki lina kromiamu na linaingia mapafuni. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii.